Mkuu wa Biwi

Kijiji cha Chini-ya-Mwembe kilikuwa kando ya Mto Zigi, pale Usambara Mashariki inaposhuka kuelekea Tanga. Wanyama wa hapo walilima shamba moja la ujima: mihogo, mahindi, bamia na mchicha, na pembezoni miembe, michungwa, mipapai na minanasi. Matunda hayakuwa tatizo. Embe zikiiva mwezi wa Desemba zilidondoka usiku kucha, chache zikaliwa, nyingi zikaozea chini. Tatizo lilikuwa udongo. Kila mwaka kabla ya masika walifyeka, wakakusanya majani na mabua, wakayatia kiberiti. Kisha mvua ikalikokota jivu lote hadi mtoni. Miaka ilivyokwenda, mahindi yakawa yanatoa vibunzi vyenye punje za kuhesabika, na mchicha ukatoa maua kabla haujatoa majani.

Aliyebadilisha mambo ni Bi Kuku, na hakuyabadilisha kwa hotuba. Nyuma ya kibanda chake palikuwa na biwi la majani aliyoyafagia uani. Yeye na wanawe wakila papai au tango, maganda yalikwenda humo humo. Kila asubuhi alilipanda biwi akalichakura, cha chini kikawa juu na cha juu kikawa chini, akitafuta wadudu wa kuwalisha vifaranga. Kila jioni akafagia yaliyotawanyika akayarudisha. Mwaka ule mchicha uliojiotea kando ya biwi ulikuwa na majani mapana kuliko kiganja cha Ngedere. Mzee Kobe, akipita kwa mwendo wake, akaonja jani moja, akaonja la pili, kisha akachota udongo wa chini ya biwi kwa ukucha na kuunusa. Ulikuwa mweusi, unatifuka, unanukia mvua ya kwanza.

"Bi Kuku, umeweka nini humu?"

"Nilichokula na nilichofagia, mzee wangu."

Kobe akashukuru, akaenda zake kuitisha baraza.

Baraza likakaa chini ya mwembe mkubwa. Kobe akaeleza aliyoyaona, akapitisha mche mmoja wa mchicha ili kila mmoja aushike, na wote wakakubaliana kwamba kijiji kinahitaji biwi la namna ile, kubwa, la wote. Swali likawa nani alisimamie. Bi Kuku hakuwepo, alikuwa ameatamia. Ngedere alikuwepo. Ngedere alikuwa na sauti, alikaa tawi la juu ambako kila jicho lilimfikia, na alikuwa amefika soko la Muheza akarudi na maneno mapya. Akachaguliwa kwa vigelegele kuwa Mkuu wa Biwi.

Sioni kosa la kijiji katika kumchagua Ngedere. Vijiji vingi huchagua aliye mbele ya macho. Kosa ninaloliona lilitendeka mapema zaidi, siku ile Kobe aliposimama nyuma ya kibanda. Bi Kuku aliulizwa ameweka nini, akajibu, na hakuna aliyemwuliza swali la pili: huwa analifanyia nini biwi lake.

Ngedere akaenda kulitazama biwi la Bi Kuku mara moja, akalitazama kwa mbali akihofia viroboto, akarudi na hoja iliyonyooka. Katika biwi lile, akasema, mna maganda ya papai, mna matango, mna majani makavu. Majani makavu tumekuwa nayo tangu enzi za mababu, na hayajatupa kitu ila moshi. Basi rutuba imetoka kwenye papai na tango. Uhai ni maji, uhai ni utamu, uhai ni kile kinachodondosha tone ukikibonyeza. Kikavu kimekufa, na kilichokufa kitampaje mwingine uhai?

Wakapiga makofi, na siwezi kuwalaumu, maana hoja ile ilikuwa na kipande kikubwa cha ukweli. Matunda na mboga mbichi ndicho chakula kinacholiwa upesi kuliko vyote ndani ya biwi. Humo wamo bakteria na kuvu wasiohesabika, na sukari ya tunda lililoiva wao huivamia, wakazaana na kutoa joto. Biwi la majani matupu laweza kukaa mwaka mzima likiwa vilevile. Litie maganda ya mapapai na mboga zilizonyauka, na baada ya siku chache ukiingiza mkono utauondoa haraka. Ngedere alikuwa ameshika nusu ya jambo. Nusu ya jambo ikipewa mamlaka huharibu kuliko ujinga mtupu, kwa sababu mjinga huuliza.

Kunguru akapiga mbiu njia nzima. Kila kaya ilete matunda na mboga zenye maji. Mizani itafungwa kwenye tawi la mwembe, kila mzigo upimwe mbele ya umma, na mwenye uzito mkubwa atakaa kigoda cha mbele barazani hadi mwezi uandame tena. Biwi la kijiji lizungushiwe miiba ili lisichezewe. Na Bi Kuku, kwa heshima zote, aombwe kutolipanda, kwa kuwa tabia yake ya kuchakura inaharibu umbo.

Siku ya kupima ikawa sikukuu. Kima akaleta embe dodo. Panya Buku akaleta nyanya, nusu yake zimeshapasuka. Fungo akaleta mananasi. Ngiri akaja akiyasukuma matikiti kwa pua, na mizani ikalia kwa uzito, akapewa kigoda. Mzee Jongoo akaja wa mwisho kama desturi yake, akiburuta pakacha la majani makavu ya mwembe aliyoyakusanya tangu alfajiri. Likatundikwa. Mkono wa mizani haukushuka hata kidogo.

"Mzee," Ngedere akamwambia kwa upole, "nia yako tunaipokea. Lakini hapa tunaleta vyenye uhai."

Jongoo akaliburuta pakacha lake akarudi nalo. Waliokuwa wamekaa nyuma wakacheka.

Hapa nataka kusimama, maana mizani ile ndiyo kiini cha yote yaliyofuata. Tikiti la kilo 10 lina maji zaidi ya kilo 9. Katika kilo 100 za nyanya, maji ni kilo 94 au 95. Nanasi na papai hazipishani sana na hapo, na embe, tunda tunaloliona limejaa nyama, zaidi ya kilo 8 katika kila 10 ni maji. Ngiri hakuleta mali kuliko wenzake. Alileta maji kuliko wenzake, na kijiji kikayapima maji yale, kikayaandika, kikayapa kigoda. Jani kavu halikuandikwa popote kwa sababu chombo walichokichagua hakikuweza kuliona. Pakacha lilelile lilikuwa limebeba vitu viwili ambavyo biwi lilivihitaji kuliko embe mia: uwezo wa kunywa maji, na nafasi tupu baina ya jani na jani.

Nafasi tupu ni neno ambalo baraza lisingelielewa hata kama Jongoo angelitamka. Nani huchangia utupu? Lakini wanaoigeuza taka kuwa mboji wanapumua. Wanahitaji hewa iwafikie katikati ya lundo, na hewa hupita kwenye vijia vidogo vinavyobaki pale jani lililojikunja linapokataa kulala bapa. Vijia hivyo vikijaa maji, hewa haiwafikii tena kwa wakati, kwa kuwa oksijeni husafiri ndani ya maji polepole kiasi cha mara 10,000 kuliko inavyosafiri hewani. Na sukari ya matunda huzidisha balaa: wakazi wanaila kwa pupa, wanaimaliza hewa iliyopo kwa pupa ileile, na mpya haiingii. Ndiyo maana biwi linalofanya kazi vizuri huwa na unyevu wa kadiri tu, maji yakiwa asilimia 50 hadi 60 ya uzito wake, si 90.

Mvua za vuli zikaja, na embe zikaja nazo. Kila wiki mizani ikalia. Biwi la kijiji likapanda hadi kifuani kwa Paa, jekundu, la njano, la kijani, na kwa siku chache kwa kweli lilipendeza. Wageni waliovuka Zigi waliletwa kulitazama. Kisha likaanza kushuka katikati. Ndani yake embe zilikuwa zimepasuka, nyanya zimekuwa rojorojo, na uzito wa matikiti ya juu ukazigandamiza za chini zikawa tope lisilopitisha pumzi. Wale bakteria wapenda hewa wakafa au wakalala. Mahali pao wakashika wengine wasiohitaji hewa, na hao, wakila, hutoa asidi kali na gesi inayonuka mayai viza. Siku ya tano harufu ilifika barazani. Siku ya saba ilifika ng'ambo ya mto.

Wa kwanza kuhama walikuwa nyungunyungu. Hawana mapafu; wanapumua kwa ngozi, na ngozi haipumui ndani ya tope la siki. Wakatoka usiku mmoja, ukoo mzima, wakapita chini ya miiba na kwenda kujificha kwenye majani makavu nyuma ya kibanda cha Bi Kuku. Asubuhi Ngedere akaiona michirizi yao, akaliambia baraza kwamba wamo wasio na shukrani, na kwamba kazi kubwa huwapunguza wavivu yenyewe.

Wa kwanza kuhamia walikuwa vijinzi vya matunda. Walitaga mayai kwenye nyama ya embe iliyoachwa wazi juu ya biwi, na kwa joto la pwani, yai huwa inzi kamili kwa siku kama kumi. Haikupita mwezi wingu lao likawa linafunika mwembe mkubwa, na kigoda cha mbele, ambacho Ngiri alikipigania, kikakaa kitupu kwa sababu hakuna aliyeweza kukikalia bila kuwavuta puani.

Kuhusu harufu, Ngedere aliunda kamati. Mwenyekiti wake akawa Fungo. Fungo, ambaye wazee wetu wakitaka kueleza uvundo humtaja yeye, alilizunguka biwi mara mbili, akavuta pumzi ndefu, na kutoa taarifa kwamba hakuna harufu yoyote isiyo ya kawaida. Baraza likaipokea taarifa. Hata hivyo, kwa tahadhari, akina mama wakaagizwa walete asumini, vilua na maua ya mlangilangi yatandikwe juu ya biwi. Yakatandikwa. Kwa muda wa kutosha kumaliza hotuba, upande wa upepo ulinukia harusi. Kisha maua nayo yakaoza, maana nayo ni mabichi, nayo yana maji.

Maji meusi yakaanza kuchuruzika chini ya miiba. Ngedere akatangaza kwamba huo ndio mboji wenyewe umeanza kutoka, tena wa maji, rahisi kumwagia. Wakaumwagia mchicha wa shule ya vifaranga. Siku ya tatu mchicha ulinyauka kuanzia ncha za majani hadi shinani.

Kama kisa kingeishia hapo ingekuwa hadithi ya kiongozi mmoja na pua moja. Lakini kilichofuata ndicho kinachoniuma zaidi, kwa sababu nimekiona kwenye nyua za watu wema. Kijiji kilikasirika, na Ngedere, aliyejua kusoma nyuso kuliko kusoma biwi, akageuka kabla hajageuzwa. Akapanda tawi lake akasema ukweli umebainika: adui ni tunda. Tunda ni asidi. Tunda ni inzi. Kuanzia leo ni marufuku tunda lolote, mboga yoyote, ganda lolote lenye maji, kuingia katika biwi. Majani makavu pekee! Na Mzee Jongoo, aliyechekwa jana, akaitwa mbele akavishwa shada.

Jongoo akalivua. "Mimi sikusema hivyo," akasema, lakini vigelegele vilikuwa vimeshaanza.

Tope lile likakokotwa hadi korongoni. Biwi jipya likajengwa la majani matupu, zuri, lisilonuka, na kiangazi chote cha Januari na Februari likakaa pale bila kubadilika. Ukilichungulia ndani ulikuta majani yaleyale yaliyowekwa, makavu vilevile, na mchwa wakipita na mizigo yao. Jani kavu la mwembe lina kaboni nyingi mno kwa naitrojeni iliyomo, mara 50 au zaidi kwa moja, ilhali wanaolila wanataka mlo ulio karibu na 25 au 30 kwa moja, na wanataka maji. Jani linamsubiri tunda kama tunda lilivyokuwa likimsubiri jani. Na huku wakisubiriana, maganda yote ya kijiji, mapapai yaliyoliwa na kunguru, nyanya zilizooza, mabichi yote ambayo udongo uliyahitaji, yalikuwa yakitupwa Zigi.

Hapa sitaki kunyamaza. Wako waja wengi leo, wenye elimu na wenye uwanja wa kutosha, wanaorithishana marufuku hii: usiweke chungwa, usiweke nanasi, usiweke nyanya, vitaharibu mbolea kwa ukali wake. Ukali wa tunda huliwa kama kinavyoliwa kingine chochote. Biwi lenye hewa humeng'enya asidi hiyo mapema, na mboji ukikomaa huwa hauna ukali huo. Ganda la chungwa huchelewa tu, kwa hiyo likatekate. Walichokiona wakakiogopa hakikuwa tunda. Kilikuwa tunda lililoachwa peke yake.

Siku moja kinda la Kanga, mtoto wa maswali, likapita nyuma ya kibanda cha Bi Kuku na kukuta mchicha ukiwa umestawi vilevile, kiangazi kile kile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, wewe huwa unalifanyia nini biwi lako?"

Bi Kuku akasimama na mguu mmoja juu. Hakuwahi kuulizwa. Akalitazama kinda kwa jicho la kulia, akaligeukia kwa la kushoto, kisha akasema, "Njoo na mama yako kesho, mje na mapakacha. Na mpitie kwa Mzee Jongoo."

Kanga wakaja, na kwa kuwa kanga hawatembei peke yao, wakaja wote. Mzee Kobe aliposikia akaanza safari, akafika jioni. Kazi ilianzia chini. Bi Kuku aliwatandazisha vijiti na mabua ya mahindi juu ya ardhi tupu, urefu wa kiganja kwenda juu, ili hewa iingie kwa chini na maji ya ziada yapate pa kutokea. Juu yake pakacha la majani ya Jongoo. Kisha akaomba matunda, na Kima, aliyekuwa akichungulia mtini kwa aibu, akashuka na embe zilizopondeka.

"Zipasue," Bi Kuku akasema. "Embe nzima imefunga mlango, itakaa humo hadi masika na ngozi yake. Kokwa tupa pembeni, hiyo ni kazi ya mwaka. Na usizirundike mahali pamoja. Zitawanye."

Kima akazipasua na kuzitawanya zikawa tandiko jembamba. Kabla inzi hajatua, Kanga wakazifunika kwa mapakacha matatu ya majani. Hivyo ndivyo walivyoendelea, kila pakacha moja la mabichi likifuatwa na mawili au matatu ya makavu. Kwa papai mawili yalitosha, kwa tikiti Bi Kuku alidai matatu na bado akataka vipande vya tikiti vianikwe kwanza juani vipunguze maji. Tunda siku zote liliingia katikati, halikuachwa juu wala ubavuni, na panya buku walioizoea karamu ya mizani wakakuta hakuna cha kuparura. Walipoishiwa na majani, Bi Kuku akasimamisha kazi. Embe zilizobaki zikaambiwa zisubiri.

"Zitaoza!" Kima akalalama.

"Zioze chini ya mti, zitulie. Zikiozea humu peke yake zitatuozeshea na haya."

Biwi lilipofika kimo cha mita moja na upana wa mita moja, maana dogo kuliko hilo hupoteza joto lake upesi, akachukua kijiti kirefu akakichomeka kwa mshazari hadi katikati. Wakulima wa huku wanakijua kijiti hicho. Siku ya nne akakichomoa, akampa Mjusi akishike. Mjusi, anayejua joto kuliko sote, akakitupa. Ndani mlikuwa mmefika zile nyuzi 55 hadi 65 ambazo huua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya maradhi, na joto lile lilitoka kwenye sukari ya embe zilezile zilizokuwa zimekinukisha kijiji kizima.

Akachota konzi moja akaifinya. Matone mawili yakatokea baina ya kucha. "Hivi," akasema. "Likichuruzika, ongeza makavu na uligeuze. Lisipotoa kitu, lipe tunda au maji." Kisha akapanda juu yake akachakura, cha chini kikawa juu na cha juu kikawa chini. Kanga wakamwiga. Hapo Mzee Kobe akatikisa kichwa taratibu. Walikuwa wamemfukuzia tabia hiyo hiyo.

Masika yakawakuta wamelifunika biwi kwa makuti na majani ya mgomba, wakilifunua kila wiki kuligeuza. Lilishuka nalo, lakini lilishuka likinukia udongo. Joto lilipopungua nyungunyungu wakarudi wenyewe, bila mbiu, wakaingia kwa chini. Jongoo na ukoo wake wakashughulikia mishipa migumu ya majani ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Baada ya miezi minne lililokuwa kifuani kwa Paa lilikuwa magotini, jeusi, na hukuweza kutambua tena lipi lilikuwa embe na lipi lilikuwa jani. Wakaugawa mboji kwa kaya zote, hata kwa Ngiri, hata kwa Fungo.

Pembeni mwa biwi, ambako joto halikufika vizuri, miche ya nyanya ikajiotea kutokana na mbegu za Panya Buku. Ngedere akaiona wa kwanza. Akaichomekea miti, akaleta wageni kutoka ng'ambo, akawaeleza kwamba hayo ndiyo matunda ya sera yake ya awali, ambayo haikueleweka kwa wakati wake. Wageni wakaondoka wakiwa wameridhika. Kijiji kikazila nyanya zile, maana nyanya haibebi hatia ya anayeizungumzia.

Desemba ikarudi, embe zikaanza kudondoka. Mizani ilikuwa imeteremshwa. Mzee Kobe aliipeleka ghalani kupimia mahindi, kitu ambacho uzito wake una maana. Kwenye biwi walihesabu mapakacha, na pakacha la kwanza kuulizwa lilikuwa la makavu. Ngedere akaja asubuhi na embe za kutosha kaya tatu, akazimwaga mbele ya Bi Kuku, akasubiri apokewe.

"Ahsante, baba," Bi Kuku akasema. "Makavu yako yako wapi?"

Ngedere akatazama huku na huku. Majani yalikuwa yamejaa chini ya mwembe wake, chini ya tawi lilelile alilokuwa akihutubia, hajawahi kuyafagia.

"Mapakacha mangapi?"

"Kwa embe hizo, tisa. Na ufagie mwenyewe, Mzee Jongoo ana kazi zake."